Munani wa Tunduma

Tunduma,
4 Februari 1996

Mke wangu Enesi, Mama Goodness,

Hii ni wiki ya tatu na bado ni mzima. Nimepata chumba katika nyumba ya Mzee Abdulswamad, yule mwenye malori, nyuma ya soko. Vyumba viko sita vimezunguka ua mmoja, na kila chumba kina mtu aliyeacha kwao kuja kutafuta, kama mimi. Kazi ipo. Tunashusha magunia upande huu wa mpaka na kuyapakia upande ule, mpaka jioni mgongo haunyooki. Nikipata Bati za kuezekea nyumba yetu narudi siku hiyohiyo.

Siku naondoka ulisema nitakufa njaa kwa sababu sijui hata kuchemsha maji. Usiwe na Hofu. Hapa hakuna anayekula peke yake. Kila mtu anatoa alichonacho. Mmoja ana unga, mmoja nyanya mbili, mmoja dagaa, mwingine ana chumvi na kiberiti tu, na hakuna anayemuuliza mwenzake mbona umeleta kidogo. Wengi hapa ni Waislamu nao wamefunga, kwa hiyo tunangoja jua lizame, halafu sote tunakaa kwenye mkeka mmoja. Na hapo ndipo kwenye Munani. Enesi, sikufichi, Munani wa hapa ni mtamu. Watu sita tunashiriki Munani mmoja na hatujagombana hata siku moja. Uchovu wote wa magunia unaisha.

Maharage uliyonifungia yamekwisha. Ukimwona Jairo anakuja huku na pikapu yake, nitumie mengine, na viazi vitamu, na karanga kama zipo.

Wasalimie watoto. Msalimie Mama.

Mumeo,
Rubeni


Nanyala,
14 Februari 1996

Baba Goodness,

Barua yako Jairo aliileta juzi. Niliisoma mara moja kwa sauti, mama yako akisikiliza, na mara nne peke yangu.

Sisi tupo. Mvua haijatupa nafasi ya kuanika kitu, mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu, na ghalani kunaonekana sakafu. Tunakula majani ya maboga leo, kesho na keshokutwa, mpaka Goodness ananiuliza kama tutageuka rangi. Jumapili nilipotoka kanisani niliokota uyoga chini ya miti ya jirani, nikautia karanga za kupondwa na kitunguu kimoja nilichoazima kwa Fides wa Jairo. Ungekuwepo ungeramba bakuli. Lakini hukuwepo, na sidhani kama umeukumbuka uyoga wangu, maana naona huko unakula vizuri.

Nimekufungia maharage, viazi vitamu na karanga. Karanga nimezimenya mwenyewe na kidole changu bado kina kidonda.

Nakuuliza neno moja tu. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa. Neno "mtamu" uliniambia lini? Mimi nikikuuliza chakula kikoje, unajibu "kimeshuka", unanawa mikono, unatoka nje. Sasa naona neno hilo unalijua, tena unajua kuliandika. Na yeye umemwandika kwa herufi kubwa. Najua unavyotawanya herufi kubwa kila mahali, lakini hii imenichoma.

Haya. Msalimie sana huyo anayewapikia. Mwambie mke wa Rubeni anamshukuru kwa kumtunzia mume.

Mkeo,
Enesi


Tunduma,
25 Februari 1996

Mama Goodness,

Kikapu kimefika salama, hata kiazi kimoja hakikuchubuka. Ulipofunguliwa mfuko wa karanga ua mzima ulinukia kama kwetu.

Salamu zako zimefika. Anayepika ni mtu wa hapahapa uani, mtu wa kawaida kabisa, wala si wa kumfikiria. Tuyaache hayo.

Nikueleze kazi iliyofanywa na maharage yako. Yalichemshwa pamoja na kiazi kitamu kimoja kilichomenywa, kikapondwa humohumo, na maji ya kwanza hayakumwagwa. Mchuzi ukawa mzito bila hata tone la mafuta. Bakuli moja la maharage makavu likashibisha watu sita na kiporo kikabaki. Sufiani, yule utingo wa malori, alisema hajala hivyo tangu aondoke kwao. Siku ya Idi kila mtu alijikakamua, tukapata wali, na kwa Munani wa siku ile hata Mzee Abdulswamad alitoka ndani kwake akaja kukaa mkekani na sisi.

Kuna swali. Majani ya maboga, zile nyuzi zake, hutolewa kabla ya kuosha au baada? Si mimi, ni mtu tu hapa anauliza.

Bati bado kidogo.

Mumeo,
Rubeni


Nanyala,
8 Machi 1996

Rubeni,

Nyuzi hutolewa kabla ya kuosha. Mwambie huyo mtu wako. Na mwambie pia kwamba mwanamke asiyejua kutoa nyuzi za majani ya maboga hana sababu ya kusifiwa mpaka mwenye nyumba atoke ndani.

Sasa tuzungumze habari ya kiazi.

Kiazi ndani ya maharage ni changu. Hakuna aliyenifundisha. Nilikianza mwaka ule mvua zilipokatika, Goodness ananyonya, maharage yamebaki kiganja kimoja na mama yako yuko njiani anakuja kula. Nilikiponda haraka asione jinsi maharage yalivyokuwa machache, akala akasifu, na mpaka leo hajui. Fides hajui. Dada zangu hawajui. Tuliokuwa tunajua ni wawili, mimi niliyepika na wewe uliyekuwa umekaa mlangoni ukichonga mpini wa jembe. Mimi sijafika Tunduma. Basi ni nani aliyempa Munani kiazi changu?

Nina wivu, Rubeni, nakuambia waziwazi usije ukasema nimenuna bila sababu. Nimelima, nimepalilia, nimepepeta, nimemenya, nimembembeleza Jairo abebe, yote hayo ili Munani asifiwe. Nikiinama shambani namwona. Nikisonga ugali namwona amekaa pembeni anaucheka.

Na si wewe tu. Juzi nilimuuliza Jairo, kwa kuzungukazunguka, kuna nini pale kwenu. Akacheka akaniambia, "Shemeji, pale kwa kina Rubeni Munani ni mtamu kweli, hata mimi nilionja juzi." Akasema hivyo mbele ya Fides, na Fides anamenya njugu mawe zake wala hakuinua kichwa. Nilimhurumia mpaka nikasahau kujihurumia mwenyewe. Mji gani huo mnaokaa?

Kikapu kingine sitatuma. Na Pasaka ikinikuta hujarudi, nitabeba chungu changu, kile alichonipa mama siku naolewa, nitakwenda kwa baba Vwawa. Unanijua. Nikiondoka na kanga nimekwenda kutembea. Nikiondoka na chungu nimeondoka.

Enesi


Nanyala,
10 Machi 1996

Dada Munani,
Nyumba ya Mzee Abdulswamad, Tunduma

Hunijui, lakini maharage yangu umeyala. Mimi ni mke wa Rubeni wa Nanyala.

Sikuandikii kukutukana. Matusi niliyaandika jana, nikayasoma, nikayachana kwa sababu binti yangu anajua kusoma. Nimebakiza ya kuuliza. Nataka kujua u mrefu au mfupi. Nataka kujua kama anakusifu mbele za watu au mkiwa wawili. Na unapompa chakula, anakuangalia usoni? Mimi huwa anaangalia bakuli.

Sijui unampikia kwa mapenzi au kwa kumhurumia. Kama ni huruma, nakuomba iishie Pasaka, umwambie arudi kwake kabla sijaondoka na chungu changu. Kama ni mapenzi, basi yeye kaa naye, na kiazi kaa nacho. Mimi sitakipika tena. Itabidi nitafute njia nyingine ya kuongeza maharage, na kichwa changu siku hizi hakina nafasi ya kutafuta.

Mimi,
Enesi, Mama Goodness


Tunduma,
17 Machi 1996

Mama Goodness, dada yangu,

Asalaam aleikum, na kwa upande wako Bwana asifiwe.

Barua yako nimeifungua mimi. Naitwa Mwanaisha, mtu wa Kondoa, nauza vitenge hapa mpakani. Uani kwetu mwanamke ni mimi peke yangu, kwa hiyo Jairo alipofika na bahasha ya "Dada Munani", wanaume wote waliangaliana, halafu wakaniangalia mimi. Nikaichukua, nikaingia nayo ndani, nikafunga mlango. Waliobaki nje hawajui kilichoandikwa, wala sitawaambia.

Munani si mtu, dada. Munani ni mboga. Wanawake wa Zambia wanaovuka kutuuzia dagaa hukiita hivyo kitu chochote cha kulia ugali, na sisi tumelizoea neno lao. Mume wako ni mgeni, amelibeba kama alivyolisikia akakutumia. Huyo Munani unayemwonea wivu juzi alikuwa mchicha, jana alikuwa dagaa na nyanya chungu, na leo asubuhi tumemmalizia na kiporo. Urefu wake ni kimo cha sufuria.

Nilicheka, sitakudanganya. Kisha nikasoma tena pale ulipoandika habari ya bakuli, nikaacha kucheka. Kwa hiyo nakueleza na lingine, ingawa nimemwahidi mtu kwamba sitalisema.

Mwanzoni tulikuwa tunapika kwa zamu. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, zamu ikawa yangu mfululizo, nami nimefunga, siwezi kuonja. Siku moja chumvi ilizidi mpaka Sufiani akafuturu kwa maji matupu. Kesho yake nikamwita Rubeni, kwa kuwa yeye hafungi, nikamwambia, "Kaka, nionjee chumvi." Akaonja, akafikiri, akasema chumvi iko sawa ila maji ya maharage nisimwage. Kesho yake akasema nitie kiazi. Siku ya tatu akauchukua mwiko mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, na mpaka leo hajaurudisha.

Anayetupikia ni mume wako.

Anajifunga ile kanga ya kijani uliyompa ya kujifunikia. Anakaa upande wa moshi kwa sababu anasema ndipo unapokaa wewe. Na kila anachofanya lazima akutaje. Enesi humenya hivi. Enesi asingeweka moto mkubwa namna hii. Enesi angengoja kidogo. Hapa uani hakuna asiyekujua. Ishaka, fundi viatu wa chumba cha mwisho, akiletewa sahani husema, "Mshukuruni mwenye chungu wa Nanyala." Tunakula mkono wako, dada, umepitia kwake tu.

Ametuapisha tusiseme. Anasema kwao mwanaume akionekana na mwiko mama yake hulia na kaka yake humcheka mpaka mavuno. Alipoandika barua ya kukuuliza nyuzi za majani ya maboga, alikaa nayo siku mbili.

Umeniuliza kama anamsifu mtu wakiwa wawili. Mimi nilikaa na mume miaka tisa, akaniacha bila kujua kama chumvi naitia mwanzo au mwisho. Kwa hiyo kama ni wivu, mwenye haki ya kuuona ni mimi, na mara nyingine jioni nikimsikia anakutaja nauona kweli, nanyanyuka naenda kupanga vitenge vyangu.

Usiondoke na chungu.

Mwanaisha


Tunduma,
18 Machi 1996

Enesi,

Mwanaisha amenieleza kwamba amekueleza. Nilikasirika, kisha nikapika, hasira ikaisha.

Ni kweli. Sikukuambia kwa aibu. Usimwambie Mama, wala Danieli. Unamjua kaka yangu, atanitafutia jina na litanifuata mpaka kaburini. Na lile neno Munani, naapa sikujua kama hulijui. Hapa kila mtu analisema.

Siku zile nikikaa mlangoni nachonga mpini, ule mpini ulikuwa umekwisha zamani. Nilikuwa nakuangalia mikono. Niliona haya kukuangalia wewe, nikawa naangalia mikono na bakuli. Na nilikuwa nasema "kimeshuka" kwa sababu sikujua ni kazi kiasi gani. Sasa nimekaa upande wa moshi nimejua. Chakula chako ni kitamu, Enesi. Kilikuwa kitamu miaka yote kumi na moja.

Bati nimepata za upande mmoja wa nyumba. Niambie nije au nisije.

Rubeni


Nanyala,
24 Machi 1996

Baba Goodness,

Barua ya Mwanaisha niliisomea kule chini kwenye mibuni, mbali na watu. Nilipofika kwenye mchicha na dagaa nilicheka mpaka nikakaa chini. Jairo nimemwomba radhi moyoni mwangu. Fides simwambii nilivyokuwa namhurumia, atanichukia.

Kisha nikasoma ya pili, ya mwiko na kanga, nikasubiri furaha ije. Haikuja. Ukaja wivu uleule, tena sasa hauna hata mtu wa kumlaumu.

Nisikilize. Mwanaisha amekula mkono wako. Sufiani amekula. Ishaka, fundi viatu ambaye hata sura yake siijui, ananishukuru kwa sahani ambayo mimi sijaiona. Mzee Abdulswamad katoka ndani kwake. Jairo alipita tu kushusha kikapu akaonja. Watu wote wa mpaka wa Tunduma wameshakula chakula ulichopika wewe, isipokuwa mimi. Miaka kumi na moja, Rubeni, sijawahi kupewa hata kiazi cha kuchoma na wewe. Nilipojifungua Goodness nililala siku tatu nakunywa uji wa mama yako usio na chumvi wala sukari, nawe uko mlangoni na mikono yako miwili mizima, unachonga mpini uliokwisha.

Kwa hiyo sitaki bati. Upande mmoja unatosha, sote tutalala upande huo. Njoo.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka mama yako atakwenda Vwawa na wanawake wa kanisa na watalala huko. Danieli nitamtuma kwa shemeji zake na ndizi, atachelewa. Watoto watakuwa kwa Fides. Nimekuwekea maharage kiganja kimoja, sikuweka zaidi, nione kama kweli unajua. Viazi viko kwenye kapu nyuma ya mlango. Majani ya maboga utachuma mwenyewe, na nyuzi ni kabla ya kuosha. Mlango nitaufunga. Hata jirani akigonga tutanyamaza.

Mimi nitakaa mlangoni kwa ndani. Sitasema kitu, hata ukizidisha moto. Ila ukinipa sahani uniangalie usoni.

Mwanaisha mpe salamu zangu na mwambie siku akipita Nanyala nitampikia mwenyewe, awe mgeni wangu. Lakini ile kanga ya kijani ni yangu. Rudi nayo, usimwachie mtu.

Chungu hakijaenda popote. Kiko jikoni, nimekiosha, hakina kitu. Siku hiyo hutanikuta nimekula, kwa sababu sitakula mpaka uwe umepika.

Mkeo,
Enesi